Watani wa Meza ya Ukaguzi

Kama umeajiriwa juzi, na leo umeona kazi ya mwenzako ina kasoro, na umerudi nyumbani hujui utamwambiaje, basi kaa nami kidogo. Mimi ni Zuhura, mzaliwa wa Kinole. Umri wangu wa kazi niliumaliza kwenye meza ya ukaguzi ya kiwanda cha nguo hapa Morogoro, na kazi yenyewe ilikuwa hiyo moja tu: kumwambia mtu mzima kwamba nguo aliyoifuma haifai. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba nilistaafu nikiwa na marafiki wengi kuliko nilioanza nao. Kwa mkaguzi, hilo si jambo dogo.

Niwaeleze kwanza ilivyokuwa. Nguo ikishatoka kwenye mashine ya kufumia huviringishwa, na ule mviringo tunauita jora. Jora huletwa kwetu upande wa pili wa ukuta, maana ndani ya banda la kufumia mashine hupiga kelele hata ukimwita mtu sikioni hakusikii. Sisi tulilivuta jora juu ya meza taratibu, macho yakitembea kutoka pindo hadi pindo, tukitafuta uzi uliokatika, tone la grisi, au mahali ambapo nguo imekuwa nyembamba kwa sababu mashine ilisimama ikaanza tena.

Aliyenifundisha ni Mzee Mkude, msimamizi wa zamu yetu, Mluguru wa Matombo, mtu wa kanisani asiyekosa misa. Siku ya kwanza aliniona nikipapasa nguo kwa kiganja, akacheka.

"Binti, wewe umelima?"

"Nimelima, mzee. Kwetu Kinole nani hajalima?"

"Basi kiganja chako kimekwishakufa kwa jembe. Geuza mkono. Tumia mgongo wake, huko bado kuna ngozi ya mtoto."

Nikageuza. Wallahi, fundo dogo ambalo kiganja hakikuliona kabisa, mgongo wa mkono ulilipata palepale. Mpaka leo nikienda dukani kununua kanga, natumia mgongo wa mkono, na wauzaji wananitazama kama ninayeipangusa vumbi.

Sikuwa hodari tangu mwanzo. Wiki ile ile nilirudisha jora zima la mfumaji mmoja, Mnyamwezi wa Tabora aitwaye Maganga, nikisema lina mistari myeusi imekatiza upana wote. Maganga akaja, akasogeza nguo kushoto, mistari ikabaki palepale ilipokuwa. Akainua macho akatazama dirisha. Ilikuwa mistari ya kivuli cha nondo za dirishani.

"Dada," akasema kwa upole mwingi, "sasa hapa nikamrekebishe nani, mimi au jua?"

Banda zima la ukaguzi lilicheka, nami nikacheka huku machozi ya aibu yakinitoka. Lakini angalieni jambo moja: sikumchukia. Na sababu ya kutomchukia ndiyo ninayotaka kuwaambia.

Maganga alikuwa mtani wangu. Ninyi wa leo utani mnaujua kwa juu juu, labda msibani, mnapomwona mtu analala kaburini na kudai apewe kitu ndipo azikwe ndugu yenu. Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani anakusema atakavyo, unamsema utakavyo, na hakuna ruhusa ya kununa. Ukinuna, umevunja mila, na aibu ni yako.

Sasa, Maganga hakuwa kwenye meza yangu kwa bahati. Kabla sijaajiriwa, mkaguzi mmoja alimwambia mfumaji kwamba nguo yake ni mbovu. Kweli ilikuwa mbovu. Lakini mfumaji aliliweka moyoni, wakaacha kusalimiana, wake zao wakaacha kuombana chumvi, mwisho mambo yakafika kwenye tawi la chama cha wafanyakazi. Mzee Mkude akaona hapana. Siku moja akapita kwa kila mtu akiuliza kabila lake.

Mnaweza kufikiri jambo hilo lilivyopokewa. Nchi yetu hii kumuuliza mtu kabila lake kazini ni karibu na kumtukana. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee anataka kujaza ndugu zake. Mmoja akamkabili: "Mzee, sisi hapa ni Watanzania. Makabila ya nini?"

"Sitafuti ndugu zenu," Mzee Mkude akajibu. "Natafuta watani wenu."

Akapanga kila mkaguzi akague nguo za mtani wake. Mimi nilipokuja nikakabidhiwa Maganga. Kuanzia hapo kasoro ilisemwa palepale, kwa sauti, na ilirekebishwa palepale. Nilikuwa nikiona sehemu nyembamba napunga kitambaa chekundu mlangoni, Maganga anakuja akifuta mikono.

"Maganga, hii ni nguo au chekeche?"

"Kwani unataka kuchekecha nini, mtumwa wangu?"

"Babu yako alibeba pembe kutoka Tabora hadi pwani hakuangusha hata moja. Wewe uzi mmoja unakushinda!"

"Na wewe je? Kwenu shamba limesimama kama ukuta. Boga likikatika kikonyo mnalifuata sokoni mjini. Kweli mtu wa huko atajua kilichonyooka?"

Huku anasema hayo, mikono yake iko kwenye nguo. Anatazama, anapapasa, anajua tayari ni kitu gani kimelegea kwenye mashine yake. Anaondoka akinitukana na mashine inatengenezwa. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia nilimwendea nikamwambia, "Mtani, nisamehe yote ya mwaka." Naye, Mkristo yule, akanijibu, "Nimekusamehe yote, ila ile ya chekeche bado inauma." Akija yeye kabla ya Krismasi, nami namtafutia moja ya kwake ambayo bado inauma.

Kwa namna hiyo watu walijifunza. Maganga hakufika akiwa fundi, alifundishwa na masimango. Mimi nami nilifundishwa na majibu yake, kwa sababu mtani akikujibu anakueleza pia kwa nini kasoro imetokea. Nikapata kuijua mashine ambayo sikuwahi kuiendesha.

Ukaja wakati wa ruksa. Mipaka ikafunguliwa, mitumba ikajaa sokoni, vitambaa vya ng'ambo vikauzwa rahisi kuliko vyetu. Kiwanda kilikuwa mali ya umma, kikayumba, kikafungwa muda, kisha kikauzwa kwa mwekezaji. Wengi wetu hawakuitwa tena. Mzee Mkude alirudi Matombo kwenye migomba yake. Mimi na Maganga tulikuwa katika walioitwa, na nilisali rakaa za shukrani nyuma ya ghala siku niliyoona jina langu.

Meneja mpya wa uzalishaji alikuwa kijana wa Upareni, Bwana Erasto Mbwambo, msomi, mnyenyekevu, wa kwanza kufika asubuhi. Sitaki mtu amdhanie vibaya. Mashine zilizokuwa zimekufa alizifufua. Banda lililokuwa na giza aliliwekea taa. Alituita kwa heshima, "Shikamoo Mama," kila siku ya Mungu, hata siku zake mbaya.

Lakini wiki yake ya kwanza alipita kwenye meza yangu wakati namwita Maganga mpagazi, na Maganga ananiita mtumwa wake. Uso wake ukabadilika. Kesho yake tukakuta tangazo ukutani: matusi na kejeli za kikabila marufuku kazini. Mkaguzi akiona kasoro, apeleke jina la mfumaji ofisini. Wakaguzi na wafumaji wakapangwa upya kwa namba za mashine.

Nilimfuata. "Mwanangu, ule si ugomvi. Ni utani."

"Utani naufahamu, Mama. Hata sisi tunao. Lakini utani ni wa msibani na harusini. Hapa wageni watatuonaje?"

Mwenye dhamana amesema, na tangazo lenyewe lilitaka jambo jema, watu wasitukanane. Nikamwomba Mungu atupe subira, tukaanza mtindo mpya.

Kukawa kimya. Mimi nilipewa nguo za kijana mmoja kutoka Dodoma, mpole, ana watoto wadogo. Siku ya kwanza niliona uzi umekatika, nikamwendea kwa adabu zote: "Samahani mwanangu, naomba uangalie hapa kidogo." Akaingiwa na hofu. Alijua jina likienda ofisini, na watu wanapunguzwa kila mara, nini kitafuata. Sikulipeleka. Nilimwomba arekebishe, akarekebisha, lakini tangu hapo akiniona nakuja kwa mbali anageuza njia. Wakaguzi wenzangu yaliwakuta hayo hayo. Mwenye moyo mgumu alipeleka majina, akawa haalikwi popote. Mwenye moyo laini aliona kasoro ndogo akaiviringisha ndani ya jora pamoja na nguo nzima. Hakuna aliyekuwa mwovu. Kila mtu alikuwa anamhurumia mwenzake, na huruma ile ndiyo ilikuwa inakiua kiwanda.

Oda yetu kubwa ya kwanza ilikuwa vitambaa vya mashuka ya mabweni. Shehena ikaenda. Shehena ikarudi.

Bwana Erasto akatukusanya uwanjani. Hakupaza sauti. Alisema mnunuzi amekubali kupokea shehena nyingine badala ya ile, na kwamba mwenye kiwanda ameshaamua: hiyo nayo ikirudi, banda la kufumia litafungwa. Vitambaa vitaletwa kutoka ng'ambo vimefumwa tayari, sisi tubaki kutia rangi na kuchapa maua tu. Kutia rangi kulihitaji watu wachache. Nilimtazama Maganga. Yeye mashine ya kufumia ndiyo kazi pekee aliyoijua, na umri wa kuanza nyingine ulikuwa umepita. Nilitazama na mikono yangu.

Kabla kazi ya shehena ya pili haijaanza, mnunuzi mwenyewe akaja kutukagua. Alikuwa mama wa Kichaga, Mama Ndeshi, mnene, mchangamfu, amejifunga mtandio kiunoni kama anayekwenda kupika. Tulikunjua jora moja lililorudishwa, mezani kwangu. Bwana Erasto akaanza kumweleza kwa maneno ya ofisini kwamba changamoto ndogondogo zimebainika na hatua zinachukuliwa.

Mama Ndeshi akamkata. "Samahani, umesema unaitwa nani?"

"Erasto Mbwambo."

"Mbwambo!" Akapiga makofi. "Ndiyo maana! Nilikuwa najiuliza nyuzi zangu zimekwenda wapi, kumbe nguo kafuma Mpare! Umezibania, baba. Umezihesabu, ukaona nyingine uziweke akiba kwa ajili ya kesi, maana Mpare na kesi hamwachani!"

Wapare na Wachaga nao ni watani. Bwana Erasto alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kisha kitu kikamtoka ambacho hatukukitarajia.

"Mama, kwa hiyo Mchaga ameacha duka ametembea mpaka Morogoro kutafuta uzi mmoja? Huo uzi utauuza shilingi ngapi?"

"Usinipoteze! Njoo hapa, mnyimi wewe. Hapa ni nini?"

"Hapo mashine ilisimama."

"Na hapa?"

"Hapo grisi."

"Na hapa palipopwaya kama suruali ya shemeji yangu?"

Wakaenda hivyo jora zima, mama anamchana, kijana anajibu, mama anamchana. Wote wawili walikuwa wanacheka mpaka wanajifuta macho, na kila kasoro ilitajwa, hata zile ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimeziona nikazinyamazia. Bwana Erasto aliuliza maswali ambayo hakuwahi kuyauliza. Mwisho Mama Ndeshi akamshika bega. "Mtani, mimi nakupenda, lakini mbovu sichukui tena. Haya."

Alipoondoka, kijana wetu alibaki pale mezani, mkono juu ya nguo, bado anatabasamu. Tabasamu likaisha polepole.

"Mama Zuhura."

"Naam, mwanangu."

"Lile nililowakataza… lilikuwa ndilo hili?"

"Ndilo hili."

"Angeniambia haya kwa barua," akasema, "ningemjibu kwa barua. Nisingeyasikia."

Kesho yake alitangaza kwamba wakaguzi warudi kwa watani wao. Lakini, na hapa ndipo nilipomheshimu zaidi, hakurudisha mambo kama yalivyokuwa. Alituketisha tukapanga naye. Utani uishie mezani, usiingie kwenye mashine zinazozunguka, maana mtu akicheka hapo anapoteza kidole. Mama mzazi wa mtu na mtoto mgonjwa wasiguswe. Jina lisipelekwe ofisini, ipelekwe kasoro na namba ya mashine, ili fundi ajue ipi inamsumbua nani. Na wale wasio na mtani hapa kiwandani, kama yule kijana wa Dodoma, yeye Bwana Erasto angewaendea mwenyewe, pembeni, kwa upole. Kweli aliwaendea. Yule kijana akawa mfumaji mzuri, akaacha kunikwepa njiani.

Sisi tulikuwa na ujuzi wa miaka, yeye alikuwa na mpangilio. Ujuzi wetu ulikuwa umekaa midomoni na tangazo likaufunga. Mpangilio wake ulikuwa mzuri, ila haukujua pa kupita. Vilipokutana, mlango wa banda letu haukupumzika. Vitambaa vyekundu vilipungwa mpaka vikachakaa.

"Mpagazi! Njoo uone aibu ya Tabora!"

"Nakuja, mtumwa wangu, shikilia boga lako!"

Siku ya kupakia, lori lilikuwa limewashwa, dereva amekwishapanda, imebaki jora moja. Lilikuwa la Maganga. Nikalivuta, na karibu na mwisho mgongo wa mkono wangu ukasita. Palikuwa pembamba. Si sana. Pengine Mama Ndeshi asingepaona. Nikamtazama Bwana Erasto, naye akanitazama, na dereva akapiga honi.

Nikapunga kitambaa.

Maganga alikuja, akapapasa. Akalibeba jora begani.

"Angalau leo unabeba kama babu yako," nikamwambia.

Akacheka, akaenda. Bwana Erasto akamwendea dereva. Nilimsikia akisema, "Zima gari, kaka, upate chai. Tunasubiri." Walikata sehemu ile mbovu, Maganga akafuma nyingine, na lori likaondoka adhuhuri ikiadhiniwa. Nilikwenda kusali sijui nimesoma sura gani, Mungu anisamehe.

Shehena ile haikurudi. Ilikuja oda nyingine juu yake, na banda la kufumia likabaki wazi.

Furaha ile ilimpa Bwana Erasto ujasiri. Alikuja mezani, mikono mfukoni, akanipigia kelele mbele ya watu: "Wewe Mluguru wa mlimani, unalala kazini?"

Nikageuka taratibu.

"Mwanangu," nikamwambia, "Mpare na Mluguru wana utani wapi? Wewe si mtani wangu. Mimi ukiwa na neno nami, niite pembeni uniambie vizuri."

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote, akaomba radhi. Nikadhani yameisha. Baadaye akarudi, safari hii bila mikono mfukoni.

"Mama, naomba kukuona pembeni."

Tukasimama karibu na ghala. Akasema polepole, akitazama chini kama mkwe. "Mama, naona siku hizi nguo unaisogeza karibu sana na uso. Mgongo wa mkono wako hauna mfano hapa. Lakini macho yanachoka. Nimeagiza meza ya kioo yenye taa kwa chini, inayoonyesha kila uzi. Naomba uende hospitali ya macho kwanza, upate miwani, halafu ujifunze meza hiyo uwafundishe na mabinti wapya."

Vijana wangu, sikuwa nimelijua hilo, au nilikuwa nimekataa kulijua. Lingenijia kwa njia nyingine lingeniua. Lilinijia kwa upole, kutoka kwa mtoto aliyejua sasa kila mtu anaambiwaje, nami nikasema alhamdulillahi, nikaenda nikapimwa.

Nilirudi nimevaa miwani. Maganga aliniona mlangoni, akasimamisha mashine, akanifuata nje.

"Kumbe hata meneja ameona! Mimi niliona zamani."

"Uliona? Na wewe mtani wangu, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nina wazimu?" akasema. "Nilikuwa namwomba Mungu usipone, majora yangu yapite."